Aronia Ndani ya Friji ya Maziwa ya Ngamia

Nyinyi mnaovaa gambuti mpya ili mpigwe picha kando ya nyanya za mtu mwingine, ketini hapa kidogo. Nimefanya kazi ya afisa wa kilimo nyanjani miaka thelathini na minne, yote Isiolo, na nimeona kila aina ya ujinga ukiingia mji huu kwa lori, kwa ndege, na siku hizi kwa simu. Nimeona watu wakiuziwa kware, eti mayai yake yanatibu pumu. Nimeona wakiuziwa sungura ambao hakuna mtu Isiolo angewala. Nimeona mwalimu mkuu mzima, mwenye miwani na cheti ukutani, akiuza fahali wake anunue miche ya mti ambao mbegu zake zingetoa mafuta ya gari. Gari halikuonekana. Fahali alichinjwa, nadhani alikuwa mtamu.

Niliwacheka wote. Kucheka nilikuwa najua, msinione hivi. Mkulima akiniletea swali la upuzi nilikuwa namtazama kimya mpaka anasahau alichokuja kuuliza. Jina langu ni Kagendo lakini kule Burat, kwenye mashamba ya mfereji nje ya mji, hakuna aliyenijua kwa hilo, wote waliniita Madam. Walikuwa wakiniona na pikipiki ya ofisi kwenye kona ya mfereji wanaficha dawa waliyonunua kwa wachuuzi, kwa sababu walijua nitakisoma kibandiko kwa sauti mbele ya watu.

Leo nataka niwaambie habari ya aronia. Nimesikia kuna kijana anaiuza tena mtandaoni, picha nzuri, muziki nyuma, mche mmoja bei ya mbuzi. Sasa kabla hamjampelekea pesa za mama zenu, nisikizeni.

Kama hujawahi kuiona aronia, hujakosa kitu. Ni kichaka cha kimo cha mtu, asili yake nchi za baridi, na kinazaa vitunda vidogo vyeusi kwa vishada. Ukitia kimoja mdomoni, ulimi unashikana na meno mpaka unatafuta maji. Huko kwao wanavipika jamu kwa sukari nyingi, wanaotesha vichaka nyuma ya nyumba, wanafurahi. Sina ugomvi na wao. Hapa kwetu vilifika vikiwa tayari vimeshatibu sukari, presha, macho na uzee. Siku hizi hakuna kitu kinachouzwa Isiolo bila kutibu sukari na presha. Nangoja mtu atuuzie viatu vya kutibu presha.

Niseme kwanza tulikuwa wapi. Ugatuzi ulipokuja, sisi watu wa kilimo tulikabidhiwa kaunti kama mbuzi wa mahari. Tulihesabiwa, tukaangaliwa meno, tukapelekwa. Pikipiki yangu ilibandikwa nembo mpya na haikuwekewa mafuta. Lakini semina! Semina zilikuwa tele. Wenye miradi waligundua kwamba sasa wanaweza kuja moja kwa moja kwetu bila kupitia Nairobi, basi wakaja. Kila wiki kulikuwa na hema, viti vya plastiki, kalamu za bure na mtu anayeuliza kama tunamsikia vizuri kule nyuma.

Aliyeleta aronia alikuwa wa mradi mmoja ambao haupo tena. Kibao chake sasa ni mlango wa banda la kuku la jirani yangu, na kuku hawajalalamika. Mwenyewe alikuwa mwanaume laini, mwenye viatu vilivyochongoka, na kila sentensi aliianza na neno "fursa". Mimi nilimwita Bwana Vitunda. Alikuwa na miche mia tatu, ametoa wapi sijui, na alitaka igawiwe akina mama wa Burat waipande kwenye bustani zao za nyumbani, kila mmoja kumi. Lakini fomu ya mradi ilihitaji sahihi ya afisa wa nyanjani kwamba eneo linafaa. Afisa huyo ni mimi.

Kabla ya hiyo sahihi lazima mumjue Mzee Ekai.

Mzee Ekai alikuwa Mturkana, kibarua wa kitalu cha miche cha serikali. Alikuwa anajua kuandika jina lake tu, na hata hilo alikuwa analiandika polepole kama mtu anayevuka mto. Mimi nilifika pale na diploma na koti jeupe. Siku ya kwanza nikashika ndoo saa sita mchana nikaanza kumwagilia miche ya mipapai. Mzee alikuwa amekaa kivulini anakunywa chai. Hakunizuia. Nilipomaliza vitanda vyote akaniambia, "Madam, umepika vizuri. Sasa tuletee chumvi." Kufikia jioni majani yalikuwa yamelala. Kumbe mpira uliojaza hiyo ndoo ulikuwa umelala juani tangu asubuhi, maji yalikuwa ya moto ya kuogea mtoto.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, si chuo. Alinifundisha kumwagilia alfajiri, udongo ukiwa bado unapumua. Alinifundisha kupindua mche mkononi, kuugonga kitako, uutoe mzima mzima kwenye karatasi yake uangalie mizizi: ikiwa imejizungusha kama kamba ndani ya gunia, umechelewa, kata ncha au tupa. Alinifundisha kuondoa kivuli cha kitalu kidogo kidogo, nyasi chache leo, chache baada ya siku nne. Nyinyi mnanunua miche kwenye kivuli cha neti, mnaipakia kwenye boda, mnaipanda mchana huohuo, halafu mnasema ardhi ya Isiolo ni mbaya. Ardhi haina kosa. Ni kama kumtoa mtoto kitandani ukamtupa Garbatulla saa saba mchana bila kofia.

Na alikuwa na sheria moja. Mche wa matunda hautoki kitaluni kwenda kwa mtu mpaka ndugu yake azae kwenye boma la Ekai mwenyewe. Kwanza apande yeye, mti uzae, ale, alale, aamke salama. Mkuu wa wilaya mmoja wa zamani alikuja kuchukua miche ya matofaa kwa ajili ya shule, Mzee akamwambia bado hajaonja. Mkubwa akafoka. Mzee akaendelea kupalilia. Mkubwa akaondoka bila matofaa, na sisi tukakaa wiki nzima tukingoja kufutwa kazi. Hatukufutwa. Matofaa yenyewe kwenye boma la Ekai yaliota miaka sita, yakatoa majani tu, na Mzee akayakata akajengea zizi la mbuzi.

Basi Bwana Vitunda alipoleta miche yake nikampelekea Mzee Ekai mmoja. Alikuwa amezeeka tayari, macho yana ukungu. Akaushika, akavunja jani, akalinusa. Akauliza, "Hii inalala lini?"

"Mzee, mti haulali."

"Inalala. Miti yetu inalala kiangazi. Inamwaga majani, inangoja mvua, ikiamka inatoa maua. Hii ya kwao inalala kwa barafu. Isipolala haiamki, na isipoamka haizai. Hapa utailaza wapi?"

Nilimcheka. Msifikiri nilicheka kwa upole. Nilicheka mbele ya Bwana Vitunda, kwa sauti, nikasema, "Mzee sasa anatafutia miti vitanda." Bwana Vitunda naye akacheka kwa sababu mimi nimecheka. Mzee Ekai akarudisha mche kwenye sanduku, akaomba tumbaku.

Sasa sikizeni, maana hapa ndipo mtu hujitetea na mimi sitaki. Nilijua Mzee anasema kweli. Nilisomea habari ya miti ya baridi chuoni, nikafanyia mtihani, nikapita. Mti wa aina hiyo unataka majuma mengi ya baridi kali ndipo macho ya maua yafunguke, na Isiolo, hata mwezi wa saba, baridi yake ni ya kuvaa sweta asubuhi na kuivua kabla ya uji kuisha. Tena udongo wetu una chumvichumvi, na hicho kichaka kinataka udongo mchachu. Nilijua. Lakini nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja kustaafu, na katika kazi yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniita jukwaani. Bwana Vitunda aliniambia, "Madam, wewe ukisema, Burat yote itapanda." Kichwa kikavimba. Nikatia sahihi.

Siku ya uzinduzi niliongea dakika ishirini. Kulikuwa na pilau. Nilivaa kofia ya mradi. Kofia ya mradi, mimi! Nilikuwa nikiwaona wenzangu wamevaa kofia za miradi nawauliza kama kichwa kimekodishwa.

Mstari wa mbele aliketi Mama Shukri. Huyu ni jirani yangu, shamba lake na langu yanatenganishwa na mfereji wa maji. Ni mjane. Babu yake alikuwa askari wa Mkoloni, Msomali aliyepewa Isiolo ya kustaafia, na huyo babu ndiye aliyekuja na mbegu za komamanga kwenye mfuko wa koti. Kutoka kwa mbegu hizo Mama Shukri alikuwa na mikomamanga ishirini na minne. Mwezi wa Ramadhani watu walikuwa wakitoka mjini kuchukua makomamanga yake kabla hayajafika sokoni, na maganda alikuwa akiyakausha juu ya bati anauza kama dawa ya tumbo. Hiyo miti ndiyo iliyowasomesha wanawe wanne. Alikuwa hana ng'ombe, hana duka, hana pensheni. Miti tu.

Baada ya pilau akanijia. "Salaam aleikum, Madam."

"Aleikum salaam, Mama Shukri."

"Zamu yangu ya maji ni saa tatu kwa wiki. Haitoshi komamanga na hii mpya. Nikitoa kumi na mbili za upande wa mfereji, nikaweka hii, itanifaa?"

Ningeweza kusema ngoja. Neno moja. Nikasema, "Itakufaa."

Akang'oa kumi na mbili.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya aibu na mimi niliivaa kama nguo ya kanisani, kifua mbele. Aronia ziliota, siwadanganyi, kwa maji ya mfereji kitu chochote kinaota. Lakini majani yalianza kuwa manjano katikati ya mishipa, yakabaki na mistari ya kijani kama ramani ya mito. Akina mama wakaja kuuliza. Nikawaambia watie samadi iliyooza vizuri. Wakatia. Nikawaambia wamwage maji ya ndimu kwenye shina, udongo uchachuke. Mmoja akaniuliza kama atie na pilipili, nikamtazama kimya, akaenda zake. Maua hakuna. Nikasema subira. Mtaalamu akiishiwa huwa anauza subira, mkisikia mtu anawauzia subira bila kuwaambia mwisho wake ni lini, shikeni mifuko yenu.

Bwana Vitunda alikuwa ameshaondoka, nasikia yuko kwenye nyuki. Mzee Ekai alifariki, nikamzika bila kumwomba msamaha. Na mimi nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani, nikabaki nyumbani natazama ng'ambo ya mfereji. Kule kuna mikomamanga kumi na miwili myekundu kwa matunda, na pembeni kuna vichaka kumi vya manjano visivyo na hata ua la kuombea. Kila asubuhi Mama Shukri akinisalimu anaongeza, "Bado, Madam." Hakuwa akilaumu. Hilo ndilo lililokuwa likiniua, alikuwa ananipa habari tu, kama mgonjwa anavyompa daktari habari.

Mtu mwenye akili angevuka mfereji asubuhi moja akasema nimekosa. Mimi nilikuwa na kiburi, na mwenye kiburi hutafuta friji.

Nilikuwa na aronia moja niliyoipanda kwenye mtungi mkubwa uliokuwa wa rangi ya kupaka, yangu mwenyewe. Na mjini kulikuwa na Dhaki, Mborana, mama wa maziwa ya ngamia. Mnawajua hawa akina mama. Maziwa yanaingia alfajiri kwa malori kutoka malishoni, yakiwa kwenye mitungi ya manjano iliyofukizwa moshi, wanayaonja moja moja, mabaya wanarudisha na matusi juu, mazuri yanakaa kwenye baridi mpaka basi la Nairobi. Dhaki alikuwa na friji ya vioo, ile ya soda, imetoka kwa hoteli iliyofungwa. Nikamwomba rafu ya chini miezi miwili.

"Uweke nini, Madam?"

"Mti."

Akaniangalia vile mimi nilikuwa nawaangalia wakulima. Nikajifunza kwamba inauma.

"Hii mti italala na maziwa yetu?" akauliza. "Ikinuka je? Wateja wakiona tunaweka mchanga kwa friji ya chakula?"

Ilibidi nifunge mtungi kwa karatasi ya plastiki mpaka shingoni, nipanguse shina kwa kitambaa, na nijitolee kusafisha friji kila Jumamosi. Mimi, niliyekuwa nafungua semina kwa maombi na kufunga kwa shukrani, nikawa napiga magoti kwenye duka la Dhaki na sifongo. Wapita njia walikuwa wakichungulia. Mti ndani ya friji, unatazama barabara kama mteja aliyefungiwa. Baada ya wiki tatu majani yote yakaanguka. Dhaki akasema umekufa, niutoe. Nikamwambia umelala. Nilisikia maneno ya Mzee Ekai yakitoka kinywani mwangu, na sikuwa na hata aibu ya kumtaja.

Baada ya wiki tisa nikautoa, nikauweka kwanza kwenye kivuli cha nyuma ya nyumba, kisha nikauonyesha jua kidogo kidogo. Ukatoa majani mapya, laini. Kisha, mnisamehe, nililia, ukatoa ua. Kishada kimoja cha maua meupe. Nililinda kile kishada na chandarua cha mbu dhidi ya kuku, mbuzi, ndege na wajukuu. Kikazaa vitunda kumi na vinne. Nilivihesabu kila siku vikigeuka kutoka kijani kwenda wekundu kwenda weusi.

Na sasa nilikuwa nimeshinda, sivyo? Nilikuwa nimethibitisha kwamba aronia inazaa Isiolo, mradi uwe na friji ya vioo, umeme, mama wa Kiborana mwenye subira na wiki tisa za kupiga magoti. Kwa vitunda kumi na vinne. Huo ndio ulikuwa ukweli wote, na ulikuwa unatosha kuchekesha mji mzima. Lakini mjukuu wangu akapiga picha, kishada tu, bila mtungi, akaituma kwa kikundi cha akina mama wa Burat. Akaandika, "Aronia ya Madam imezaa."

Mchana huo wakaja. Kumi, kumi na watano. Walishangilia, wakaimba. Mmoja alinikumbatia akasema, "Tulisema Madam hawezi kutudanganya!" Nikawapa kila mmoja nusu kitunda aonje. Walikunja nyuso kama waliolamba betri, na bado wakasema ni tamu, kwa sababu ni dawa. Mama Shukri alikuja mwisho, na fimbo yake. Alikishika kile kishada kwa vidole viwili.

"Kwa hivyo inazaa."

"Inazaa," nikasema.

"Yangu ilikosa nini?"

Friji ilikuwa mdomoni. Ilikuwa pale kabisa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini walikuwa wamenizunguka, wananishangilia, na mimi nikasema, "Pengine ilikosa maji ya kutosha." Mnanisikia? Mtu aliyestaafu, mwenye saa ya ukutani, alisema hivyo mbele ya watu kumi na watano. Sikufikiri. Lilikuwa jibu la kazini, lile tunalompa mkulima ili aende.

Nilijiambia nitamwambia Ijumaa, akitoka msikitini. Ijumaa ikapita. Nikasema Jumapili, nikitoka kanisani. Jumatatu nilienda mjini kununua sukari, nikapita kwa Dhaki. Akanipigia kelele kutoka ndani, "Madam! Nasikia wewe sasa ni shujaa. Umewaambia ililala na maziwa?"

"Bado."

Akaacha kupima maziwa. "Mimi nikiuza maziwa yenye maji," akasema, "hapa sokoni wananivua viatu. Nyinyi wasomi mnauza maji matupu na watu wanaimba." Hakuwa anatania. Sukari sikununua, nikatafuta boda nikarudi Burat.

Nilisikia shoka kabla ya kuvuka mfereji. Vijana wawili wa kibarua walikuwa wanamalizia. Mikomamanga kumi na miwili, ile iliyobaki, ilikuwa imelala kando kando, mizizi juu, na matunda yake bado yamo, mengine yamepasuka kwa kuanguka, punje nyekundu zimemwagika kwenye vumbi na nyuki wamejaa. Mama Shukri alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, anaelekeza kwa fimbo.

"Madam, karibu! Nimekusikiliza. Umesema ni maji. Sasa saa tatu zote ni za aronia. Wallahi ningetoa hizi mapema, singepoteza miaka miwili."

 Nilikaa chini kwenye ukingo wa mfereji, nguo nzuri na yote, nikamwambia. Nilimwambia friji. Nilimwambia wiki tisa, mtungi, duka la Dhaki. Nilimwambia kwamba hata akizipa aronia zake mto mzima wa Isiolo, hazitazaa, hazitazaa kamwe. Vijana wakaacha shoka. Mmoja akaanza kucheka, akamwona mama, akanyamaza.

Mama Shukri akashusha fimbo. Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

Nilitaka sana kusema wiki iliyopita.

"Kabla sijatia sahihi," nikasema. "Mzee Ekai aliniambia. Nikamcheka."

Nilingoja anitukane. Ningelipa pesa anitukane. Aliokota komamanga moja lililopasuka, akalipangusa vumbi na ncha ya shela yake, akaliweka mapajani.

"Unajua kwa nini nilikuamini?" akasema. "Si kwa sababu umesoma. Wamekuja wengi hapa wamesoma. Nilikuamini kwa sababu ulikuwa unacheka watu. Nilikuwa nasema, mtu anayecheka ujinga wa wengine hivi, hawezi kuwa na wake."

 Nilitazama matawi, na hata katika aibu ile jicho la kazi halifi, nikaona kwamba mengi bado mabichi. Komamanga ni mti mwema. Ukikata kijiti cha unene wa kalamu, urefu wa shubiri, ukakata chini ya jicho la kuchipua kwa mshazari, ukakiweka kwenye maji siku hiyohiyo kabla ngozi haijakauka, ukakipanda kivulini kwenye mchanga na samadi iliyochekechwa, kinashika. Nikamwambia. Maneno yalikuwa yakinitoka mbiombio, nilikuwa kama mtu anayejaribu kurudisha maziwa mtungini kwa mikono.

"Itazaa lini?" akauliza.

"Baada ya miaka mitatu."

"Sema ukweli."

"Mitatu, ikiwa na maji. Minne, ikikosa."

"Mimi nina miaka sabini na miwili, Madam."

"Najua, mama."

Aliinuka kwa fimbo, akaenda hadi kwenye mti wa karibu, akaomba panga. Kijana akampa. Nikaruka, nikanyoosha mkono niichukue, maana kukata vipandikizi ni kazi yangu, nimekata maelfu, naweza kukata nimefumba macho.

"Wacha," akasema. "Nitakata mimi. Wewe shika beseni la maji."

Nikashika beseni.